Kutoka Venezia hadi Milano: Shajara ya Safari ya Kanivali

Alhamisi, Venezia

Kanivali ya Italia haina sura moja, na tarehe yake nayo huhamahama. Huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka Pasaka, hivyo mwaka mmoja huangukia mapema Februari na mwaka mwingine huingia Machi. Hata hivyo, kilele chake katika miji mingi ni siku hizi zinazoanzia Alhamisi inayoitwa Giovedì Grasso hadi Jumanne, mkesha wa Jumatano ya Majivu. Msomaji wa pwani ataelewa upesi nikimwambia kwamba hii ndiyo vunja jungu ya Wakatoliki: nyama, mafuta na sukari huliwa bila haya kwa kuwa Kwaresima imeshapiga hodi. Nimekaa Bologna kimasomo muda wa kutosha kusikia kila mwanafunzi akiapa kwamba kanivali ya kweli ni ya mji wa kwao na kwamba ya jirani ni maigizo matupu. Sasa nimeamua kwenda kujionea, na katika kila mji nitatazama hasa jambo moja, nalo ni nafasi aliyowekewa mgeni.

Hapa Venezia mgeni ndiye kanivali yenyewe. Tangu asubuhi umati unamiminika kutoka kituo cha treni kuelekea uwanja wa San Marco, na kila hatua chache yupo mtu aliyevaa hariri, manyoya na barakoa ya dhahabu, amesimama kimya akipigwa picha. Nimezungumza na watano kati ya hao waliopambika kupita wote, nikakuta wawili ni Wafaransa, mmoja Mjerumani na wawili Waitaliano wa mikoa mingine. Wavenezia wenyewe nimewaona zaidi madukani, wakiuza frittelle, yale madonge ya unga wa ngano yaliyokaangwa yakiwa na zabibu kavu ndani. Ni matamu kupita kiasi, na nimekula mengi kuliko ilivyonipasa.

Zamani barakoa ilikuwa na kazi nyingine kabisa. Katika karne ya 18 vazi la kawaida lilikuwa bauta: uso mweupe wenye sehemu ya chini iliyochomoza mbele, joho jeusi na kofia ya pembe tatu. Umbo hilo lilimwezesha mvaaji kula na kunywa bila kuivua, na tena lilibadilisha sauti yake. Mwanamume au mwanamke, tajiri au asiye na kitu, wote waliamkiwa kwa jina moja, Siora maschera, yaani Bibi Barakoa. Katika nyumba ya kamari ya serikali, Ridotto, iliyofunguliwa mwaka 1638 na kufungwa mwaka 1774, wachezaji walitakiwa kuficha nyuso zao. Serikali ile yenye majasusi kila kona ilijua kwamba watu wanaobanana katika visiwa vidogo wanahitaji mahali pa kutojulikana. Alhamisi hii hii nayo ilikuwa sikukuu ya dola, ya kukumbuka ushindi wa mwaka 1162 dhidi ya Ulrich, Patriaki (askofu mkuu) wa Aquileia, ambapo fahali mmoja na nguruwe 12 walichinjwa hadharani. Jamhuri ya Venezia ilipoanguka mbele ya Napoleon mwaka 1797 sherehe ilififia, na haikufufuliwa rasmi hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichofufuliwa ni mavazi. Barakoa iliyovaliwa ili mtu asionekane leo huvaliwa ili aonekane, na sioni kosa katika hilo, ila nimetembea mchana kutwa bila kukutana na mtu aliyeonekana kujificha na chochote.

Ijumaa, Verona

Treni kutoka Venezia huchukua zaidi kidogo ya saa moja, lakini anayeteremka Verona leo huona kama amehamia nchi nyingine. Siku yenyewe inaitwa Venerdì Gnocolar, kutokana na gnocchi, yale matonge madogo ya viazi na unga yanayochemshwa na kutiwa mchuzi. Anayetawala ni mzee mwenye kitambi na ndevu nyeupe, Papà del Gnoco, aliyepanda baghala huku ameshika uma mkubwa ambao ndio fimbo yake ya enzi, na kwenye ncha ya uma huo limechomekwa tonge moja kubwa. Cheo hicho hupatikana kwa kura. Wiki kadhaa kabla, wagombea hufanya kampeni katika mtaa wa San Zeno na watu hupiga kura uwanjani, na nimewasikia wazee wawili wakibishana juu ya matokeo kwa hamaki ambayo wabunge wengi wangeitamani.

Asili ya sherehe hutajwa kuwa njaa ya mwaka 1531, wakati bei ya unga ilipopanda na maskini wa San Zeno wakavamia maduka ya mikate. Mapokeo yanamtaja Tommaso Da Vico, tabibu, miongoni mwa raia waliotoa chakula, na inasemekana aliacha wosia kwamba kila mwaka wakazi wa mtaa huo wagawiwe mkate, divai, unga, siagi na jibini. Viazi havimo katika hadithi hiyo, kwa kuwa wakati ule vilikuwa bado havijaingia katika vyungu vya Ulaya. Gnocchi za kwanza zilikuwa za unga na maji tu. Msafara wa leo umechukua saa nyingi, magari yamepita yakirusha peremende, na watoto wamezigombania chini ya miguu ya watu wazima. Hapa mgeni ni mtu wa kulishwa. Mama mmoja aliyekuwa akipakua alitaka kunitilia mchuzi wa nyama ya farasi, ambao ni fahari ya mji huu. Nilimshukuru sana, nikachagua siagi na jibini.

Jumamosi, Ivrea

Nimefika Ivrea jioni kupitia Milano na Chivasso. Ni mji mdogo wa Piemonte kaskazini ya Torino, kando ya mto Dora Baltea, na wengi nje ya Italia waliwahi kuusikia kwa sababu ya mashine za kuandikia za Olivetti. Amenipokea rafiki yangu kutoka Bukavu anayefanya kazi hapa, na kabla hata hajaniuliza habari za safari amenikabidhi kofia nyekundu ya kitambaa inayoning'inia nyuma. "Dada, hii usiivue hata ukilala," ameniambia. "Kesho mwenye kichwa kitupu ni halali yao."

Usiku, mnamo saa tatu, umati umejaa mbele ya jumba la manispaa. Anayesubiriwa ni Mugnaia, binti wa mwenye kinu, shujaa wa hadithi ya mji. Kila mwaka mwanamke mmoja aliyeolewa huchaguliwa kushika nafasi hiyo, na jina lake huwa siri hadi dakika anapotokeza barazani akiwa na gauni jeupe na kofia nyekundu kama zetu. Alipotokea, mwanamke aliyekuwa kando yangu alipiga kelele kwamba anamfahamu, kisha akalia. Sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo Venezia, ambako hakuna aliyemfahamu mwenzake.

Jumapili, Ivrea

Hadithi yenyewe ni hii. Mtawala dhalimu wa Ivrea alidai haki ya kulala na kila bibi harusi usiku wa kwanza. Violetta, binti wa mwenye kinu, alikwenda ngomeni usiku wa harusi yake, akamkata kichwa, akakionyesha dirishani, na wananchi wakaichoma ngome. Kofia nyekundu ndiyo ile ya mapinduzi ya Ufaransa. Msafara unaongozwa na Jenerali mwenye sare ya enzi za Napoleon, kwa sababu mwaka 1808 watawala wa wakati huo, wakichoshwa na vurugu za mitaa iliyokuwa ikishindana kwa kanivali zake, waliziunganisha na kumkabidhi raia mmoja dhamana ya utulivu. Ukiongeza machungwa, ambayo hayaoti Piemonte bali huletwa kutoka kusini mwa nchi, unapata sherehe iliyoshonwa kwa vitambaa vya karne mbalimbali, na hakuna mwenyeji anayeona ajabu.

Asubuhi tumekula maharagwe yaliyopikwa usiku kucha katika masufuria makubwa na kugawiwa bure. Yana nyama na ngozi ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe ayatazame tu.

Saa nane mchana vita vimeanza. Wapiganaji wa miguu wamegawanyika katika makundi tisa, kila kundi na rangi zake na uwanja wake, nao ni wananchi walioasi. Juu ya magari yanayokokotwa na farasi wamesimama askari wa mtawala, wamevaa helmeti nzito zinazofunika uso wote. Walio chini hawana kinga yoyote. Gari linaingia uwanjani, farasi wanasimama, na kwa dakika chache machungwa yanaruka kwa kasi na kwa karibu mno. Mwanamume mmoja mbele yangu alipigwa katika jicho, akapangusa uso kwa kiwiko na kurudi pale pale chini ya gari. Kisha kengele za farasi zinasikika tena, gari linaondoka, jingine linaingia. Yapo makumi ya magari, na shughuli hii hurudiwa Jumatatu na Jumanne.

Mambo mawili yamenishangaza. La kwanza ni adabu. Mtu aliye chini akipigwa shabaha kamili humwinulia mkono aliyempiga, na magari yanapoondoka mahasimu hushikana mikono kwa nguvu, baadhi yao wakiwa majirani au wafanyakazi wa ofisi moja. La pili ni harufu. Hadi saa kumi barabara zilikuwa na tope la maganda, maji ya machungwa na mavi ya farasi, lenye ukali unaokata pua. Wapo wanaoona aibu ya kuharibu mamia ya tani za matunda kila mwaka, nao wenyeji hujibu kwamba ni machungwa ya ziada ambayo hayangeuzika sokoni. Jibu hilo lina ukweli wake, ingawa nililisikia likitolewa haraka mno, kama linalotolewa mara nyingi.

Kofia imenilinda, kwa kuwa ndiyo inayomwambia mrushaji kwamba huyu amejiunga na waasi lakini hapigani. Mgeni hapa hakatazwi kutazama, ila hutakiwa kwanza kutangaza yuko upande gani.

Jumatatu, Viareggio

Nimetoka alfajiri ili niwahi meli ya usiku ya Livorno, na njiani nimeshuka Viareggio kwa saa chache. Leo hakuna msafara katika mji huu wa pwani ya Toscana, lakini nilichotaka kuona ni Cittadella, eneo la mabanda 16 lililofunguliwa mwaka 2001 ambamo magari ya sanamu hujengwa na kuhifadhiwa.

Ukubwa wake hauelezeki kwa picha. Sanamu za daraja la kwanza hupita urefu wa mita 20, zikiwa na vichwa vinavyogeuka, macho yanayopepesa na mikono inayonyooka juu ya umati. Zote ni karatasi. Fundi hufinyanga umbo kwa udongo, hutengeneza kalibu ya jasi, kisha hubandika ndani yake vipande vya magazeti kwa gundi ya unga na maji, tabaka juu ya tabaka, na linapokauka hubaki gamba jepesi na gumu. Msafara wa kwanza ulifanyika mwaka 1873, na magari ya mwanzo yalijengwa na mafundi wa meli wa hapa hapa, lakini mbinu ya karatasi iliingia mwaka 1925 kwa mkono wa Antonio D'Arliano, na ndiyo iliyowezesha sanamu kukua bila kuvunja ekseli. Kwa kuwa malighafi ni magazeti, inafaa kwamba mada nazo zitoke magazetini: hapa hukejeliwa mawaziri, marais wa nchi za mbali, matajiri na vita vyao.

Nadhani Viareggio ndiyo kanivali yenye ustadi mkubwa kuliko zote nilizoziona, na pia iliyo wazi zaidi kuhusu biashara. Mtazamaji hununua tiketi, na katika miaka ya karibuni misafara huendelea hata baada ya Jumatano ya Majivu, Kwaresima ikiwa imekwisha kuanza. Mafundi wanaishi kwa kazi hii mwaka mzima, na sioni kwa nini walaumiwe.

Jumanne, Mamoiada

Meli imetia nanga Olbia asubuhi. Nimekodi gari na kuelekea kusini hadi Nuoro, kisha nikapanda vilima vya Barbagia, katikati ya Sardinia, nchi ya kondoo na mawe. Mamoiada ni kijiji cha wachungaji na wakulima wa mizabibu. Nilitarajia muziki, lakini nilichosikia kwanza ni njuga za ng'ombe, zikilia kwa pamoja, zikinyamaza, zikilia tena, kabla sijaona mtu yeyote.

Hao ni Mamuthones. Hutembea 12, katika safu mbili za watu sita, wamevaa ngozi nyeusi za kondoo na kinyago cha mti kilichotiwa weusi, chenye pua kubwa na mdomo uliojikunja kwa uchungu. Mgongoni hubeba mzigo wa njuga wa takriban kilo 30, uliofungwa kwa mikanda inayobana kifua kiasi kwamba pumzi huwa fupi. Hawacheki wala hawasemi. Kila hatua ni mruko mzito wa kujipinda bega, na kosa la mmoja lingesikika mara moja. Kando yao wamo Issohadores wanane, wenye koti jekundu na suruali nyeupe, wepesi kama wale wengine walivyo wazito, wakirusha kamba na kunasa watu katika umati.

Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu iwapo hii ni ibada ya kale ya wafugaji, kumbukumbu ya mateka wa vita, au mchezo wa mtu na mnyama. Wenyeji hawaonekani kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Wanajua kwamba vinyago hutoka kwa mara ya kwanza kila mwaka tarehe 17 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Antonio Abate, kuzunguka mioto inayowashwa mitaani, na kwamba mchezaji lazima afundishwe kubeba uzito kabla ya kuruhusiwa kuvaa uso.

Kamba moja imeniangukia mabegani. Issohadore huwalenga wanawake zaidi, na kunaswa ni dalili ya heri na uzazi. Amenivuta taratibu, ameinamisha kichwa, kisha ameniachia. Bibi mmoja aliyekuwa mlangoni kwake aliniambia, "Sasa umo, binti yangu," akanimiminia divai nyekundu ya nguvu ambayo sikuweza kuikataa. Jioni wanaume waliojifanya wafiwa wamezungusha sanamu ya Juvanne Martis, yaani kanivali yenyewe inayokufa, wakilia kwa sauti na kuomba divai katika kila kituo. Kilio chao kilizidi kuwa cha kweli kadiri vituo vilivyoongezeka.

Jumatano, Ovodda

Karibu Italia nzima leo inapakwa majivu kanisani. Ovodda, kijiji kilicho chini ya saa moja kutoka Mamoiada, kinapaka masizi barabarani. Kanivali yake huanza wakati nyingine zimezikwa, siku yenyewe ya Majivu, na haina kamati, ratiba, tiketi wala jukwaa.

Unga wa gamba la mkoki, mti unaotoa vizibo vya chupa, lililochomwa ndio pasi ya kuingilia. Kijana mwenye viganja vyeusi alinijia mbio kama alivyomjia kila mgeni, akafika karibu, akanitazama usoni, akasita. Nami nilikuwa nimesita kabla yake. Mwafrika yeyote anayeishi Ulaya anajua historia ya Wazungu kujipaka weusi ili kutucheka, na mwili wangu ulikwisha kujikaza. Lakini masizi ya Ovodda hayamwigi mtu wa taifa lolote. Hufuta tofauti ya mwenyeji na mgeni, mzee na kijana, kasisi angepita ningesema na kasisi. Kijana alicheka kwa haya, akauliza kwa ishara, nikampa shavu. Hayakuonekana sana. Rafiki yake akatatua tatizo kwa kuniongezea unga mweupe puani, na kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Mheshimiwa wa siku ni Don Conte, sanamu ya matambara yenye tumbo kubwa, inayovutwa juu ya gari la punda kupitia vichochoro vyote bila njia maalumu. Watu humwimbia, humtukana, humlisha. Giza lilipoingia wakamtia moto na kumsukuma bondeni, wakapiga makofi, wakarudi kunywa. Katika safari hii yote ni hapa tu ambapo sikupata mahali pa kusimama na kutazama, kwa kuwa mtu mwenye uso safi hana pa kukaa Ovodda.

Alhamisi na Ijumaa, njiani

Nimefua nguo, ambazo bado zinanuka machungwa, nimerudisha gari Olbia na kuruka hadi Milano.

Jumamosi, Milano

Mji huu nao umechelewa, lakini kwa mujibu wa sheria. Jimbo kuu la Milano linafuata riti, yaani utaratibu wa ibada, ya Mtakatifu Ambrose, ambayo haina Jumatano ya Majivu. Kwaresima yake huanza Jumapili, hivyo Jumamosi hii ndiyo siku ya mwisho ya kanivali. Watu hupenda kusimulia kwamba Ambrose, askofu wa karne ya 4, alikuwa safarini na akawaomba waumini wamngojee kabla ya kuanza mfungo, nao wakangoja kwa kula. Ni hadithi tamu, ingawa sababu iko katika namna riti hiyo inavyohesabu siku zake.

Kwa ukweli, kanivali ya Milano ni ya watoto. Uwanja wa Duomo umejaa mashujaa wa sinema wenye urefu wa mita moja, wakimwagiana coriandoli, vile vipande vidogo vya karatasi za rangi. Mitaa ya hapa inajivunia kwamba vipande hivyo vilizaliwa kwao: katika karne ya 19 Enrico Mangili wa Crescenzago anatajwa kuwa alianza kuuza viduara vilivyobaki baada ya kutobolewa kwa karatasi za kufugia viwavi wa hariri. Kabla ya hapo watu walirushiana vitu vigumu zaidi. Katika maduka ya mikate zinauzwa chiacchiere, mikanda myembamba ya unga iliyokaangwa na kunyunyiziwa sukari, ambayo Venezia niliila ikiitwa galani na Ivrea ikiitwa bugie, na ambayo kila muuzaji alinihakikishia kuwa ni ya kwao.

Nimekaa ukingoni mwa uwanja karibu na mama aliyetoka Monza na mwanawe wa miaka kama sita. Monza iko umbali wa kilomita 15 hivi, ndani ya jimbo hilo hilo, lakini hufuata riti ya Roma. Maana yake mama huyu alipakwa majivu Jumatano na sasa yuko katikati ya sherehe, akishika mfuko wa chiacchiere ambao yeye mwenyewe hali. Nilimuuliza kama mtoto naye hafungi. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa na sukari hadi kwenye nyusi, akasema, "Kwaresima yake itaanza tukishuka treni."